Pedi za breki za pikapu: tathmini ya gereji moja ya Mtwara mjini

Mwenye pikapu katika mkoa wa Mtwara ana sababu ya kuwa mkali katika suala la breki. Gari linalotoka Newala kwenda Masasi huteremka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, na msimu wa korosho linateremka likiwa na magunia yaliyopita kingo za bodi. Tathmini hii inahusu gereji ndogo ya uani iliyoko upande wa barabara ya Mikindani, ambako nilipeleka Toyota Hilux ya mwaka 2012 baada ya magurudumu ya mbele kuanza kutoa mlio mwembamba. Gereji hiyo haina kibao wala ofisi, na sakafu yake ni mchanga mtupu, lakini fundi wake ana tabia ambayo sijaiona katika gereji nyingi zenye kibao: hazungumzii kipuri kipya kabla hajakuonyesha kile cha zamani kimeisha kiasi gani na kwa nini.

Kwanza aliuliza mlio unasikika wakati gani. Pedi nyingi zina kibati chembamba ambacho hugusa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, pale tabaka la kusugua linapokaribia kwisha, kwa hiyo mlio wenyewe si ugonjwa bali ni taarifa. Kisha akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki, akaegemeza fremu juu ya stendi na kufungua magurudumu yote mawili ya mbele, ingawa mlio ulisikika kulia tu. Kalipa za Hilux hii, yaani vibanio vinavyosukuma pedi kwenye diski, hazitelezi kama za magari mengi madogo; kila moja ina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, na pedi huchomolewa baada ya kutoa pini mbili na klipu yake, bila kugusa bomba la mafuta ya breki. “Mzee, sogea uone mwenyewe kabla sijasafisha,” aliniambia. Pedi za kushoto zilikuwa zimebaki na milimita 4 hivi. Za kulia hazikulingana, kwani ya ndani ilifika milimita 2 wakati mwenzake wa nje alikuwa bado na unene wa kutosha.

Hapo ndipo fundi wa kubahatisha hujulikana, maana angefunga pedi mpya juu ya tatizo lilelile na kupokea fedha yake. Huyu alikagua pistoni za upande wa ndani, akakuta mpira wa kuzuia vumbi wa mojawapo umechanika na kutu imeanza kushika, jambo la kawaida katika mji wenye hewa ya chumvi kama wetu. Pistoni hiyo ilisukuma pedi vizuri lakini haikurudi sawasawa, hivyo pedi ilibaki ikisugua diski hata dereva akiwa ameondoa mguu. Aliisafisha, akabadilisha mpira na kuirudisha taratibu, baada ya kunyonya kwa bomba la sindano mafuta kidogo kutoka kwenye kichupa cha chini ya boneti ili yasifurike na kula rangi ya gari. Diski alizipima kwa vernia na kulinganisha na unene wa mwisho ulioandikwa kwenye diski zenyewe. Zilikuwa bado salama, na hakujaribu kuniuzia nyingine.

Pedi hauzi, na mimi naona hilo ni jema. Anakupa ya zamani uende nayo kwenye duka la spea, na anakuagiza uangalie kwamba kingo za tabaka la kusugua hazijamegeka, kwamba bamba la chuma halijapinda, na kwamba vibati vya kuzuia mlio vimo ndani ya boksi. Nilinunua seti ya shilingi 95,000 nikaziacha za bei ya chini kabisa, ambazo harufu yake tu ilinitia shaka. Kazi ya mikono alinitoza shilingi 30,000, pamoja na kusafisha pistoni.

Kasoro zipo, tena si za kufumbia macho. Kijana wake alitaka kupuliza vumbi la breki kwa kompresa, wakati vumbi hilo halifai kuingia mapafuni na kwenye pedi za bei rahisi hujui limechanganywa na nini. Nilipomkataza alitumia dawa ya kunyunyizia na kitambaa, kwa hiyo vifaa sahihi wanavyo ila hawavitumii mpaka mteja aseme. Nati za magurudumu zilikazwa kwa spana ya msalaba na uzito wa mwili, bila spana ya kupimia mkazo. Vipimo vyote alivyochukua vilibaki kichwani mwake, hata karatasi ya kumbukumbu sikupewa. Subira nayo inahitajika, kwa sababu anafanya kazi moja hadi iishe.

Kabla ya kulishusha gari alinitaka nikanyage breki mara kadhaa mpaka kanyagio likawa gumu, kwa kuwa pistoni zilizorudishwa nyuma huacha nafasi, na dereva anayeondoka bila kufanya hivyo anaweza kukanyaga akakuta hamna kitu. Baada ya hapo aliendesha yeye, akapunguza mwendo kwa wastani na kuachia, akarudia bila kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane.

Lakini lililonifanya nimwone kuwa fundi kweli ni alilolikuta nyuma, ambako sikumtuma. Pikapu hii iliongezwa jani la springi ili ibebe zaidi, kama zilivyo nyingi za huku. Juu ya ekseli ya nyuma ya Hilux kuna vali yenye fimbo, ambayo hupima mzigo kwa kutazama bodi imeshuka kiasi gani, kisha huamua breki za nyuma zipate nguvu ngapi. Springi ikiongezwa bodi haishuki, vali inadhani gari ni tupu, na breki za mbele hubebeshwa kazi isiyo yao. Pedi zangu zilikuwa zikiisha mapema kwa sababu hiyo pia. Alisema wazi kwamba hana geji za kupimia shinikizo la mafuta ya breki na kwamba hatairekebisha fimbo hiyo kwa kukisia, akanishauri nitafute mwenye geji kabla ya kupakia tena.