Fisha za nailoni za milimita 8 kwenye kuta za Bagamoyo

Bomba la pazia likining'inia upande mmoja, lawama huangukia skrubu. Mara nyingi tatizo ni fisha, yaani kile kidude kinachoingizwa ukutani ili skrubu ishike, au tundu lake.

Fisha tunazozipitia ni za nailoni, upana milimita 8, urefu milimita 40. Dukani huwekwa pamoja na za plastiki ngumu za bei rahisi, na kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Ikunje moja kwa vidole: nailoni hupinda na kurudi, plastiki mbovu hugeuka nyeupe pale ilipopinda, kisha hukatika. Jina lenyewe linatokana na Artur Fischer, Mjerumani aliyebuni fisha ya nailoni mwaka 1958.

Kwa kukarabati tundu lililolegea la milimita 6, hizi ndizo tunazozipendekeza. Fisha kuukuu ikigoma kutoka, zungushia skrubu mara mbili tatu tu, shika kichwa kwa plaizi uvute. Toboa upya kwa biti ya 8. Plasta haibebi mzigo, kwa hiyo fisha izame yote ndani ya tofali. Plasta ikiwa na milimita 15, tundu liwe na kina cha milimita 70, na skrubu iwe ya 5 kwa 70. Skrubu fupi haifiki kwenye ncha ya fisha, na ncha ndiyo inayotanuka na kushika. Kisha toa vumbi lote kwa brashi nyembamba na kupuliza kwa mrija, macho ukiyafumba. Vumbi likibaki, fisha huteleza kama iliyopakwa unga.

Kwenye tofali la saruji lililoiva vizuri, hatuna lawama nazo. Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni habari nyingine. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni laini, tena zina mapango ndani. Zima kipigo cha drili, itoboe kwa kuzunguka tu. Biti ikizama ghafla, umegonga uwazi na fisha haitashika hapo. Sogea sentimita 5 au zaidi, au funga kwanza ubao kwa fisha nne zilizoachana, halafu rafu ifungwe kwenye ubao. Vijiti vya kiberiti vya kujazia tundu badala ya fisha tunavikataa kabisa: hukauka, husinyaa, na mchwa huvipenda.

Kasoro moja inaudhi: pakiti nyingi huja na skrubu za chuma zilizopakwa zinki. Kwa chumvi ya upepo wa bahari, michirizi ya kutu hushuka kwenye rangi ya ukuta. Nunua za stenlesi pembeni. Na feni ya dari usiitundike kwa nailoni hata siku moja, hiyo inataka nanga ya chuma.

Kaza kwa bisibisi ya mkono mizunguko ya mwisho. Fisha ikianza kuzunguka pamoja na skrubu, acha papo hapo: tundu limepanuka, toa vyote uanze na ya milimita 10.