Uzoefu wangu na kerezo dogo la mezani: linafaa, ila si kama linavyotoka kwenye boksi

Ninayoizungumzia ni ile mashine ndogo ya kukereza chuma kutoka China, inayouzwa kwa rangi na majina kibao ilhali ndani ni ileile. Inazungusha kitu cha kipenyo hadi mm 180 juu ya kitanda (reli za chini), kati ya senta na senta, yaani ncha mbili zinazoshika rodi, ni mm 350, tundu la shafti kuu inayozungusha kazi mm 20, uzito kama kilo 40. Karakana yangu iko Dar es Salaam na kazi zake ni bushi za pikipiki, pini, spesa na shafti ndogo za mota. Kwa kazi hizo nimeridhika nayo. Wanaoilaani, wengi wao waliichomeka kwenye umeme na kuanza kukata siku ileile.

Inafika imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na ndani ya grisi hiyo mna mchanga wa kiwandani. Usizungushe mpini wowote kabla ya kusafisha. Fungua slaidi zote (sehemu zinazoteleza zikibeba kisu), osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, kisha paka oili. Mimi natumia oili ya haidroliki namba 68 kwenye kitanda, slaidi na skrubu kuu (ile ndefu inayosogeza kisu wakati wa kukata hesi, yaani meno ya skrubu), kwa sababu inapatikana popote. Grisi siiweki kwenye kitanda kabisa. Inakamata unga wa chuma na kugeuka msasa.

Pa kutumia muda wako hasa ni kwenye slaidi. Kila slaidi ina ukanda mwembamba wa chuma pembeni, unaosukumwa na skrubu ndogo zenye nati. Kiwandani hukazwa ovyo. Legeza nati zote, kaza skrubu ya katikati polepole hadi slaidi igome, irudishe kama moja ya nane ya mzunguko, kisha fuata za pembeni. Unapokaza nati, shika skrubu kwa funguo ya L isizunguke nayo, la sivyo unarudi mwanzo. Slaidi ikiwa legelege kazi inatoka na mawimbi na mashine inapiga kelele. Ikibana mno inakula skrubu yake upande mmoja. Chini ya gari, yaani sehemu inayobeba slaidi na kutembea juu ya kitanda, kuna vipande viwili vinavyolizuia lisiinuke. Vyangu vilikuwa na nafasi kubwa, nikavisawazisha kwa vibati vya kopo la soda, ambavyo ni kama mm 0.1 kila kimoja. Tofauti utaisikia kwenye kata ya kwanza tu.

Kichwa cha nyuma, kile kinachoshika senta ya upande wa pili, nacho kinahitaji kupangwa. Weka rodi kati ya senta mbili, kereza kidogo sehemu mbili, karibu na kila mwisho, bila kugusa mpini wa slaidi katikati, halafu pima kwa maikromita. Upande wa nyuma ukiwa mnene kwa mm 0.10, kisogeze kichwa kuja kwako mm 0.05, yaani nusu ya tofauti. Kwenye toleo langu bolti ya kukaza imefichwa chini yake, kwa hiyo kila jaribio unakitoa kitandani. Huu ni usanifu wa kukera na sina maneno laini ya kuusema.

Visu vilivyokuja nayo, vya ncha ya kabaidi iliyochomelewa, nimeviweka kabatini. Ncha ni butu na mashine hii haina uzito wa kuvisukuma. Chukua vipande vya chuma cha hai spidi vya mm 8, uvinoe mwenyewe kwa jiwe la grainda, ukiacha mwinamo wa nyuzi 8 hadi 10 chini ya ncha ili chuma kisisuguane na ubavu wa kisu. Ncha lazima iwe sawasawa na senta. Kipimo rahisi: kata uso wa rodi hadi katikati. Ikibaki chuchu ndogo, kisu kiko chini, ongeza kibati. Kikiwa juu ya senta, badala ya kukata kitakwaruza na kuisukuma ile chuchu hadi ivunjike.

Kasi inapigwa hesabu, haikisiwi. Kwa hai spidi kwenye chuma cha kawaida chukua mita 25 kwa dakika: zidisha kwa 1,000, gawa kwa kipenyo mara 3.14. Rodi ya mm 25 inakupa mizunguko karibu 320. Alumini inavumilia mara tatu ya hapo. Kina cha kata kwenye chuma nakiacha kati ya mm 0.25 na 0.5. Kwenye dayo yangu (duara lenye alama kwenye mpini) alama moja ni mm 0.025 za kisu, kumbe kipenyo kinapungua mm 0.05, wageni wengi huharibu bushi yao ya kwanza hapo. Na nondo za ujenzi ziache kwa wajenzi: ugumu wake haulingani kutoka upande hadi upande.

Kukata kipande kitengane na rodi ndiyo kazi inayoitoa jasho mashine hii. Tumia kisu chembamba cha mm 1.5 hadi 2, kitokeze kifupi, kata karibu kabisa na meno ya kishikio kinachobana rodi, kaza gari lisitembee, dondoshea oili, na usukume bila kusita. Ukisitasita kinasugua, kinapata moto, kisha kinakwama.

Kukwama huko ndiko kunakoua bodi ya umeme. Mota ni ya brashi za kaboni, na kasi inaongozwa na bodi yenye transista ambazo hazipendi mota iliyosimama huku umeme unaingia. Rudisha kinobu cha kasi hadi sifuri kabla ya kuwasha. Usigeuze mbele na nyuma kabla shafti haijasimama. Ukitaka kasi ndogo, tumia gia ya chini, usibaki gia ya juu ukapunguza kinobu: mota inapozunguka polepole feni yake haipoozi na nguvu inakwisha. Gia hizo ni za plastiki, kwa hiyo mkono wa kuzibadilisha unaguswa mashine ikiwa imesimama tu. Kaboni zikibaki kama mm 5, badilisha. Mlango wa bodi ukiwa na tundu, liwekee kizuizi, maana uzi mmoja wa chuma ukiingia unatosha kuunguza kila kitu. Umeme wetu ukipandapanda, stebilaiza si anasa.

Kwenye hesi nimeshangaa kwa wema. Skrubu kuu yangu ina pichi (umbali wa jino hadi jino) ya mm 1.5. Kwa M8 ya pichi 1.25, gia ya meno 50 inaendesha ya meno 60. Gia yoyote ya kuunganisha katikati haibadilishi hesabu. Ila nati ya nusu mbili, inayolifunga gari kwenye skrubu kuu, inaweza kufunguliwa popote kwa pichi zinazogawanya 1.5 bila baki tu, kama 0.5, 0.75 na 1.5 yenyewe. Kwa 1.25 iache imefungwa, rudisha kisu nyuma, geuza mota, rudi mwanzo. Hesi inayoishia kwenye bega, pale shafti inaponenepa ghafla, naikata kwa mkono: mpini umefungwa nyuma ya shafti kuu, plagi imetolewa ukutani.

Beringi za mwanzo ni 6206 za kawaida. Nimeweka 30206 za koni, zenye vipimo vilevile vya mm 30 kwa 62, lakini ni nene kwa mm 1.25 kila moja, hivyo spesa lazima zipunguzwe. Kata nzito zinatulia zaidi. Kama kazi yako ni alumini na shaba, hela hiyo iweke kwenye kishika-visu cha kubadilisha haraka.

Usalama kwa ufupi: mikono mirefu ikunjwe, glovu hapana, maranda ya chuma yaondolewe kwa brashi, na ufunguo wa kishikio usiachwe humo hata sekunde. Ukisugua kwa msasa, funika kitanda kwa gazeti.

Kama unanunua sasa, tafuta yenye mota isiyo na kaboni, na uagize palepale seti ya akiba ya gia za plastiki, mkanda na fyuzi.