Kadi ya sauti kwa Linux: kagua vitufe kwanza

Malalamiko ninayoletewa na watu wanaotumia Linux, za Ubuntu na Debian, hapa Mombasa yanafanana. Kadi mpya ya sauti, kile kiboksi cha USB cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta, inatambuliwa, muziki unatoka vizuri, lakini ukichomeka gitaa au udi wenye pikapu (kinasa sauti cha ala) sauti inakuwa hafifu kama ya simu ya zamani. Ukiirudisha dukani unaambiwa ni nzima. Na kweli ni nzima.

Shida ni vitufe. Kadi nyingi za USB siku hizi hufuata kanuni moja ya sauti, na draiva yake, programu ya kuiendesha, imo tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa hiyo hapo sipotezi muda. Swali langu ni hili: kubadilisha tundu lipokee gitaa kunafanywa kwa kidole juu ya kadi yenyewe, au kwa programu ya mtengenezaji? Programu hizo huandikwa kwa ajili ya Windows na Mac. Wewe wa Linux utabaki kuitazama kadi.

Mfano mzuri ni Focusrite Scarlett za kizazi cha 3. Ile ndogo, 2i2, ina kitufe cha INST mbele, cha kuliweka tundu lipokee ala kama gitaa. 4i4, iliyo ghali zaidi, haina. Hali hiyo hubadilishwa kwa programu. Yaani unaongeza pesa unapunguziwa kitufe! Bahati nzuri Geoffrey Bennett aliandika draiva ya vidhibiti hivyo pamoja na programu ya alsa-scarlett-gui ya kuviendesha, na tangu kerneli 6.7 draiva hiyo huwaka yenyewe. Mwenye kerneli ya zamani ana kazi ya ziada.

Kwangu ya kwanza ni Behringer UMC202HD, na anayesema naipendelea Behringer hajanisingizia. Hurekodi kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 192, ina matundu mawili, na kila tundu lina kitufe chake cha kuchagua laini (sauti ya kifaa kama mixa) au ala. Unabonyeza, unapiga. Ukitaka na MIDI, tundu la kuunganisha kinanda cha kielektroniki, chukua UMC204HD. Mdogo wao, UMC22, huishia biti 16 na kilohezi 48, ambazo kwa mawaidha au podikasti zinatosha kabisa.

Ya pili ni Scarlett 2i2. Ile ya kizazi cha 3 ikiwa mpya hujitokeza pia kama flashi yenye ukurasa wa usajili. Shikilia kitufe cha 48V unapoichomeka, hali hiyo itaondoka. 4i4 naiweka ya tatu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja.

Vile vidude vya USB vilivyoandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane, vinafanya kazi. Maikrofoni yake ni mono, njia moja tu ya sauti. Basi.

Sasa wauzaji wetu. Pita Digo Road hadi Moi Avenue ukiomba kujaribu kadi kwenye laptopu yako, muuzaji atakujibu: «Dada, hii yaingia popote, ukifungua boksi umenunua.» Kuandika aplay -l na arecord -l, amri za Linux za kuorodhesha kadi zilizotambuliwa, hakumalizi hata dakika! Halafu ile iliyo nje ya boksi, ya maonyesho, imekaa kwenye hewa ya chumvi mpaka matundu yameota kutu ya kijani, na bado unatajiwa bei ya mpya. Ukiuliza mbona ghali, unaambiwa ni VAT. VAT ni asilimia 16; risiti yenyewe ukiidai, mashine huwa imeharibika.