Fondanti ya Pakiti Katika Joto la Mombasa: Keki ya Jahazi

Assalamu alaikum watazamaji, na karibuni tena jikoni kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Bidhaa ninayoichambua leo ni fondanti nyeupe ya pakiti ya kilo moja, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kuvikwa keki. Nimeijaribu kwa kazi ya kweli, yaani keki ya jahazi niliyompambia mpwa wangu alipotimiza miaka saba mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, joto likiwa halimsazi mtu wala sukari.

Kabla ya kununua, soma maandishi ya nyuma ya pakiti, kwani baadhi ya fondanti hutiwa gelatini, ambayo hutokana na wanyama; mimi sikuichukua mpaka nilipoiona nembo ya halali.

Kwa ulaini wake sina lawama. Niliikanda kwa mikono iliyopakwa mafuta mazito kidogo, nikaisukuma kwa kifimbo kile kile cha chapati hadi ikafikia unene wa milimita 4 hivi, nayo ikaikumbatia keki bila kupasuka pembeni. Keki yangu ya mviringo, yenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 10, ilikula karibu robo tatu ya pakiti, na kilichosalia kikatosha jahazi lenyewe. Rangi ya bahari niliipata kwa buluu ya jeli, nikiichota kwa ncha ya kijiti cha meno, kwa sababu rangi ya maji huilegeza fondanti mpaka ikanata vidoleni. Niliacha kuikanda kabla buluu haijaenea kote, na ile michirizi iliyobaki ikawa mawimbi mazuri kuliko ambayo ningeyachora kwa makusudi.

Taabu ilianza kwenye tanga. Nilikata pembe tatu, nikaifunga kwenye foromali, yaani boriti ya kubebea tanga, niliyoitengeneza kwa kijiti cha mshikaki, nikaenda kuswali. Niliporudi, tanga limelala juu ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya jahazi, kama nguo iliyoanuliwa. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani yetu haina uhaba wa unyevu, kwa hiyo fondanti tupu haiwezi kusimama wima. Tanga la pili nililikandia unga wa CMC, ule unaoifanya fondanti ikauke na kukaza, kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 250 za fondanti, nikalilaza juu ya bakuli lililofudikizwa ili likauke likiwa limetuna kana kwamba limeshika upepo, na pangaboi likazunguka siku mbili mfululizo. Hilo lilikauka kau, likasimama.

Kosa jingine nililitenda mwenyewe, nalo ni kuitia keki iliyokamilika ndani ya friji. Ilipotolewa, mvuke wa hewani uligeuka matone ya maji juu ya ubaridi ule, keki ikatoa jasho, na rangi ya kahawia ya omo, yaani sehemu ya mbele ya jahazi, ikaanza kuchuruzikia baharini. Msiifute kwa kitambaa. Iacheni mbele ya pangaboi ikauke yenyewe, kisha isafirishwe ndani ya sanduku la kadibodi. Yangu ilipanda tuktuk, kisha feri ya Likoni, na nadhani ni jahazi la kwanza kuvuka kivuko kile likiwa limepakatwa.

Je, nitainunua tena? Kwa tanga, samaki na vinyago vidogo, naam, bila kusita, maadamu CMC ipo. Kwa kuivika keki nzima, nitaingoja kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, hewa inapopoa. Wakati wa kaskazi nitapaka krimu ya siagi, huku nusu ya siagi nikiibadilisha kwa mafuta mazito ya mboga yasiyoyeyuka upesi, kisha vinyago vya fondanti nivipachike dakika za mwisho, wageni wakiwa tayari mlangoni.