Futikamba ya njano ya mita 50: niliinunua ya kupimia viwanja, ikaishia kupima nyayo za ndege

Jina la kampuni siwezi kuwatajia, maana lilikuwa kwenye stika, na stika ilibanduka wiki ya pili. Ni ile ya njano ya faibaglasi, inayojikunja kwenye fremu nyekundu ya plastiki yenye mkono wa kuzungusha pembeni. Upande mmoja mita, upande wa pili futi. Niliichukua Lindi mjini, duka la vifaa vya ujenzi, kwa shilingi 28,000 baada ya muuzaji kuanzia 35,000. Kazi niliyoinunulia ni ya kila siku: nawasaidia watu kupima viwanja na mashamba ya mikorosho kuanzia Mtama mpaka Nachingwea, kabla mpimaji mwenye leseni hajaja na mashine yake. Miezi 14 sasa ninayo. Ila ubora na ubovu wake niliujua kwa siku 2 tu, kwenye kiwanja cha ndege cha vumbi, porini huko upande wa Liwale.

Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimeanza kuchungulia. Ndege ndogo ya injini moja ilitua asubuhi, ikashindwa kubaki njiani, ikatoka kushoto na kuingia vichakani. Watu wote walishuka kwa miguu yao, mmoja tu alichubuka kiwiko. Mimi nilikuwa kijiji cha jirani nagawa shamba la urithi la ndugu watatu wa mama wawili (ugomvi wake ungehitaji wachunguzi wake). Kesho yake wachunguzi wa ndege wakafika, wakaulizia mwenye futikamba ndefu. Mtendaji akaniita.

Wao walikuja na gurudumu la kupimia, lile unalolisukuma huku linahesabu mita. Kwenye lami sina neno nalo. Kwenye mchanga wenye kokoto lilituchekesha. Walisukuma kutoka mwanzo wa njia hadi alama ya kwanza ya tairi, likasema mita 405. Wakarudia, likasema 414. Penye mchanga mwingi linaburuzika bila kuzunguka, penye makorongo linapanda na kushuka, na kila kilima linakihesabu.

"Lete kamba yako, fundi," akasema mkubwa wao, mama mtu mzima aliyevaa kofia ya ukindu.

Nikalaza futikamba. Vijana wawili, misumari ya inchi 6 niliyoifunga vitambaa vyekundu, hatua kwa hatua: msumari, vuta, soma, msumari. Mara nane kamili na kipande. Nikasoma kwa kujiamini: 409.40. Yule mama hakuandika. Akaokota ile pete ya mwanzoni, ya kuchomekea msumari, akaigeuza vidoleni.

"Sifuri yako iko wapi?"

Nikamwonyesha ncha ya pete. Akanipa miwani yake. Jamani, sifuri ilikuwa ndani, kimstari chembamba cheusi sentimita 10 kutoka kwenye ncha! Miezi yote hiyo nilikuwa nashika pete na kusoma kama ndiyo mwanzo. Kila nilipolaza futikamba, sentimita 10 zilipotea: mara nane na kile kipande ni sentimita 90. Jibu sahihi lilikuwa 410.30. Nikajitetea, mama, sentimita 90 kwenye mita 400 na zaidi si kitu. Akasema, "Si kitu, ila siku nikiulizwa nimepimaje nitajibu nini?" Tukarudia yote, kutoka upande wa pili, pete ikiwa nje ya msumari na kile kimstari juu yake.

Kwa hiyo kasoro ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa: zipo futikamba ambazo sifuri iko kwenye ncha, na zipo ambazo iko ndani. Hii haikuandikwa popote. Nawafikiria wateja wangu wa nyuma, na ningependa wasisome hapa.

Jioni tukila mihogo ya kuchoma na maembe nilimuuliza kwa nini wanahangaikia mita moja moja. Akanieleza kwamba vile visanduku vya kurekodi safari, ambavyo watu huviita vyeusi ilhali ni vya rangi ya chungwa, kwa kanuni za kimataifa hudaiwa hasa kwenye ndege za uzito unaozidi kilo 5,700. Hii ya kwetu haikuwa nacho. Basi kilichobaki ni mchanga: tairi ziligusa wapi, breki zilianza kuuma wapi, ndege iliacha njia wapi. Kiwanja chenyewe kina mita 950, hivyo ilipogusa kwenye 410 zilibaki 540 za kusimamia. Na umbali wa kusimama unafuata mraba wa kasi. Ukiwa na kasi ya asilimia 10 zaidi, unahitaji takriban asilimia 21 ya njia zaidi, na upepo wa kukusukuma mgongoni unatosha kukupa hiyo kasi. Kwamba hapa ilikuwa upepo, breki au mbuzi, hakusema, nami sikuchimba. Alichosisitiza ni kwamba uchunguzi wao, kwa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kumtafuta wa kumlaumu. Mtendaji hakuridhika. Alishaandaa jina.

Turudi kwenye bidhaa. Faida yake nilipoiona kweli ni kwenye kutenganisha alama. Siku ya ajali Landkruza mbili na pikipiki kama sita zilipita pale kusaidia, nyayo zimevurugana kama uwanja wa mnada. Tukalaza futikamba kukatiza alama: za Landkruza, kutoka tairi hadi tairi haifiki mita 2, za magurudumu makuu ya ile ndege ni zaidi ya mita 3. Zile za mita 3 tukaziwekea misumari, zingine tukaachana nazo. Kwa kazi hii haina mpinzani. Inalala chini vizuri, haikatiki ukiikanyaga, na ile njano inaonekana kwenye picha hata jua likiwa kali.

Ila picha nazo zilituponza. Kijana aliigeuza upande wa futi bila kujua, tukapiga picha zaidi ya 20 zenye namba nyekundu za futi. Zikarudiwa zote, wingu limeshakuwa jeusi. Alama ya kwanza tuliifunika kwa turubai la kuanikia korosho, mawe pembeni. Mvua ilinyesha usiku, ya kwetu ikabaki. Zile ambazo hazikufunikwa asubuhi zilikuwa zimeoga na kupotea.

Mengine kwa haraka. Haishiki kutu: ya chuma niliyokuwa nayo Lindi mjini iliisha kwa mwaka mmoja na ile hewa ya bahari. Ukiivuta kama unavuta ng'ombe inarefuka, hivyo ivute kwa nguvu ileile kila mara, isilegee wala isilie. Upepo ukiwa mkali inapepea katikati na kupinda, inahitaji mtu wa kuikanyaga. Mkono wa kuzungusha ulivunjika siku ya 2 palepale kiwanjani, vumbi limeingia kwenye fremu. Nimeweka bolti ya pedali ya baiskeli, inazunguka kuliko mwanzo. Namba za mita 1 hadi 3 zimefutika kwa kuburuzwa, nimeziandika upya kwa kalamu ya wino mzito.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne kama sio sifuri ile.

Ukienda kununua, ifungue palepale kaunta, vuta mita moja, tafuta kimstari cha mwanzo kwa kucha, kisha upime na rula ya muuzaji. Akinuna, mwambie umetumwa na fundi wa Mtama.