Mabanda ya mpira Mtwara mjini: lipi litakufikisha mwisho wa msimu?

Banda la mpira halipimwi siku ya Simba na Yanga. Siku hiyo kila banda linajaa, spika zinafunguliwa mpaka mwisho, na hata mwenye banda bovu anakumbuka kujaza mafuta kwenye jenereta. Lipime Jumatano moja ya Februari, saa 10 jioni, Namungo wako ugenini na timu ya katikati ya msimamo, joto limekaba na watazamaji hawafiki ishirini. Likiwashwa siku hiyo, na mechi ikaonekana kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho bila mwenye banda kuhamia Ligi Kuu ya England, hilo ndilo banda la kushika msimu mzima.

Na msimu ni mrefu. Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Sisi wa kusini tunazifuata kwa uchungu wetu. Ndanda, Wana Kuchele wa hapa Mtwara, walishuka mwisho wa msimu wa 2019/20, na tangu hapo uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona hauna timu ya Ligi Kuu. Msimu huohuo Namungo ya Ruangwa, ikiwa mgeni wa ligi, ilimaliza nafasi ya 4 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Mwaka uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikatoka bila pointi. Timu ya namna hiyo haifuatwi kwa mechi tatu kubwa za mwaka. Inafuatwa wiki kwa wiki, sare kwa sare, na banda linalokuruka wiki mbili limekuharibia hesabu yote.

Kwa hiyo, kabla ya kuzoea banda, anza na swali la ving'amuzi: viko vingapi? Mabanda mengi ya mjini yana televisheni mbili au tatu lakini king'amuzi kimoja, picha imegawanywa kwa waya. Hapo televisheni zote zitaonyesha kitu kimoja. Katikati ya msimu hilo halina neno, maana mechi zinapangwa saa tofauti: saa 8 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku. Tatizo linakuja raundi ya mwisho, mechi zote zinapoanza kwa wakati mmoja ili timu zisipangiane matokeo. Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanaingia mchujo, na unahitaji kuona viwanja viwili kwa pamoja ili ujue timu yako inalala wapi. Banda lenye ving'amuzi viwili vyenye kadi mbili, kila kimoja na televisheni yake, linastahili kiingilio cha juu siku hiyo. Lenye kimoja halistahili, hata likiwa na skrini kubwa kiasi gani.

Kisha toka nje ulitazame dishi. Mechi za ligi zinarushwa na Azam TV, na setilaiti yake kwa mtu aliyeko Mtwara iko upande wa magharibi, ikivuta kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa karibu nyuzi 50. (Dishi lenyewe litaonekana limesimama zaidi ya hapo, ni umbo lake, halijakosewa.) Maana yake ni kwamba mwembe au mnazi ulioota magharibi karibu na banda ni adui. Dishi lililofungwa kiangazi likashika vizuri linaweza kuanza kukatakata Januari kwa sababu tu mwembe umechipua majani mapya. Mwenye banda atalaumu king'amuzi, atakizima na kukiwasha mara tano, wakati dawa ni panga au kulihamisha dishi mita tatu.

Mvua ni habari nyingine. Huku kwetu inanyesha kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili, yaani katikati kabisa ya ligi. Mawimbi yanakuja kwa mshazari, kwa hiyo wingu zito lililoko magharibi linaweza kuwakatia picha huku juu ya banda jua linawaka. Hakuna fundi wa kulizuia wingu, lakini ukubwa wa dishi unasaidia: la sentimita 90 linavumilia mvua ambayo la sentimita 60 limeshaandika "hakuna mawimbi". Picha ikikatika kwa wingu, subira ya dakika tano hadi kumi na tano inatosha. Anayepanda juu ya paa kulizungusha dishi wakati wa mvua anaharibu kitu kilichokuwa kizima, na wingu likipita mechi haitarudi.

Shangani na maeneo mengine ya karibu na bahari yana ugonjwa wao, nao ni chumvi. Inakula kichwa cha dishi pale waya unapoingia, shaba inageuka kijani, na dalili yake ni picha inayoganda usiku umande ukishuka, kisha inapona asubuhi. Angalia kama kiungo kimezungushiwa utepe na kupakwa grisi, na kama waya umeachiwa kitanzi chini ya kichwa ili maji yadondoke badala ya kutambaa hadi kwenye king'amuzi. Ukiona hayo mawili yamefanywa, mwenye banda anajali, na utakuta mengine ya ndani pia yamekaa sawa.

Umeme. Muulize banda linatumia nini ukikatika, na usikubali jibu la "tuna jenereta" peke yake. Jenereta iliyozimwa inahitaji mtu wa kuivuta, king'amuzi kinahitaji dakika moja au mbili kuamka, na penalti haisubiri. Mpangilio tunaoupenda ni betri ya Ah (amperi-saa) 100 ya volti 12 na inveta kwa ajili ya televisheni moja, king'amuzi na spika ndogo. Jumla hiyo ni kama wati 200. Betri ya kawaida ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, na nusu yake ni kama wati 600 kwa saa moja, kwa hiyo unapata karibu saa tatu kasoro, ukiondoa kinachopotea kwenye inveta. Mechi na mapumziko yake ni saa mbili. Inatosha. Jenereta ibaki kwa ajili ya feni na televisheni za ziada, na iwekwe nje, upande ambao upepo hautarudisha moshi ndani. Banda lililofunga jenereta kwenye kibaraza cha nyuma, ukutani pa watazamaji, tunalikataa hata kama kiingilio ni bure. Moshi ule unaua.

Skrini iwe ukuta wa magharibi. Mechi za saa 10 jioni jua linaingia kutoka magharibi, na skrini iliyotundikwa mashariki ikitazama mlango itakuonyesha mlango. Projekta ni nzuri usiku tu. Mchana wanalazimika kuziba madirisha yote kwa turubai, na chini ya bati la Februari humo ndani panakuwa tanuri. Makuti yana ubaridi kuliko bati, ila kagua kama yanavuja juu ya nyaya. Benchi la mwisho lisizidi mita sita kutoka televisheni ya inchi 50, la sivyo namba za jezi hazisomeki.

Kuna jambo moja dogo ambalo linatofautisha banda la kawaida na banda la wanaojua mpira: ubao wa msimamo. Chaki, ubao mweusi, timu 16. Ubao mbaya una nafasi na pointi tu. Ubao mzuri una mechi zilizochezwa, tofauti ya mabao, na safu ya viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Safu ya viporo ndiyo ya kutazama, kwa sababu Simba, Yanga na wengine wanaocheza Afrika wanaahirishiwa mechi, na kuna vipindi timu moja imecheza 18 na nyingine 15. Ukisoma msimamo bila viporo utasema Namungo wako nafasi nzuri, kumbe walio chini yao wana mechi mbili mkononi. Ubishi mwingi wa mabanda yetu unatokana na hapo, wala si ushabiki. Mwenye banda akiandika viporo, watu wanabishana juu ya ukweli, na hayo ndiyo mazungumzo yanayomfanya mtu arudi hata timu ikiwa imefungwa mara nne mfululizo.

Kuhusu sauti: redio inawahi, setilaiti inachelewa kwa sekunde kadhaa, na simu inayotumia intaneti inachelewa zaidi. Jirani akiwa na redio, bao utalisikia kabla hujaliona. Banda zuri linakataza redio na linaomba simu zinazoonyesha mechi zizimwe sauti. Ni haki kabisa.

Kiingilio cha kawaida ni shilingi 500, na 1,000 siku ya watani. Fuata Namungo peke yake na utaona mechi tatu au nne kwa mwezi, yaani shilingi 2,000 hivi. Ongeza Simba na Yanga, zinafika kumi au kumi na mbili, shilingi 6,000. Linganisha hizo na bei ya kifurushi chenye ligi kabla ya kununua king'amuzi chako, na usisahau dishi, waya na fundi. Mwenye familia inayotazama tamthilia afunge nyumbani. Anayetaka mpira tu abaki bandani. Na mwezi korosho zinapolipwa, usilipie miezi sita ya bandani kwa mkupuo. Lipa mwezi mmoja mmoja, maana mabanda yanafungwa bila taarifa.

Vitafunwa si sababu ya kuchagua banda, ila penye ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha) ya moto na korosho za kukaanga jirani, mapumziko yanakuwa mafupi. Kina mama na mabinti wanaopenda mpira waangalie kama kuna mlango wa pili na taa nje. Mechi za saa 3 usiku zinaisha karibu saa 5.

Angalau mara mbili kwa msimu liache banda uende Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa, kwa njia ya Mnazi Mmoja hadi Nanganga kisha ukate kulia. Mechi ikiwa saa 10, ondoka Mtwara alfajiri na ujue unalala wapi, kwa sababu usafiri wa kurudi jioni ni wa kubahatisha. Chagua mechi za mzunguko wa pili, Machi au Aprili, pointi zinapoanza kuwa adimu, na ubebe mwavuli.