Unga wa kuvu shambani: vitunguu vimenikubalia, kabichi zimenikatalia

Pakiti ni ndogo, unga wake una rangi ya udongo na haunuki chochote. Jirani alipouona akaniuliza kama nimeuziwa vumbi. Muuzaji wa pembejeo alikuwa amenihakikishia kwamba ni mikoriza, kuvu wanaoishi kwenye mizizi, na wanafaa mboga zote. Hilo neno "zote" ndilo lililonigharimu.

Ninalima Lushoto, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania fosforasi, kirutubisho cha mmea: unaweka mbolea, mmea unaambulia kidogo. Kuvu hawa huingia kwenye mzizi, kisha hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazofika mbali usikofika mzizi wenyewe. Zinaleta fosforasi na maji, mmea unazilipa sukari.

Nilikoroga unga na maji, nikachovya mizizi ya miche ya vitunguu kabla ya kupanda. Matuta mawili nikayaacha bila kitu ili nilinganishe. Wiki tatu za kwanza sikuona tofauti yoyote, nikaanza kuhesabu hela yangu imepotea. Wiki ya sita mambo yakageuka. Majani ya vile vilivyochovywa yalikuwa manene, na zamu ya maji ilipochelewa havikulegea haraka. Kuvuna, matuta mawili yenye unga yalitoa ndoo nne, yale mengine tatu. Kitunguu kina mizizi michache, vinyweleo vyake haba, ndiyo maana kinawahitaji sana kuvu hawa.

Kabichi? Sifuri. Baadaye bwana shamba akanieleza kwamba kabichi, sukuma wiki na figiri ni ukoo mmoja usioshirikiana na mikoriza kabisa. Spinachi nayo vivyo hivyo. Nusu pakiti nzima niliitupa hivyo.

Kuna tuta moja la vitunguu ambalo kijana wangu alilishindilia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Hapo unga haukuonyesha lolote la maana, maana mmea ukishiba fosforasi hauwafungulii kuvu mlango.

Na usitarajie unga huu utazuia kinyausi, ugonjwa wa kunyausha miche kitaluni. Miche ilininyaukia kama kawaida. Kwa kazi hiyo watu hutumia trikoderma, kuvu wa aina nyingine, pakiti nyingine.

Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho na mahali ilipokaa. Hawa ni viumbe hai, na yangu niliikuta dirishani inapigwa jua.

Msimu ujao nitanunua tena, kwa vitunguu na hoho. Kabichi zitaendelea na samadi yao.